Vitabu vyote niliviorodhesha, sasa kosa langu ni lipi?

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zina kilio kimoja: kazi zilizorudishwa na wino mwekundu, wanafunzi walioitwa mbele ya kamati, na neno "wizi" ambalo wengi wenu mnaliona zito mno kuliko kosa lenyewe. Nimesahihisha insha na kusimamia tasnifu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo hili linanigusa. Kwa hiyo maswali mengine nimeyaweka kando kwa sasa. Majina ya walioandika nimeyahifadhi.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili. Insha yangu imepata sifuri na nimepewa barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu. Programu ya kukagua kazi imeonyesha mfanano wa asilimia 38. Mwalimu, vitabu vyote nilivyotumia niliviorodhesha mwisho, na wala sikukopi na kupesti, maneno nilibadilisha. Nimekesha nikiandika kazi ile. Kwa nini naitwa mwizi?

Marahaba mwanangu, na pole.

Tuanze na hiyo 38, maana naona imekutia hofu kuliko inavyostahili. Programu kama Turnitin haijui wizi ni nini. Inachofanya ni kulinganisha maandishi yako na yale iliyoyahifadhi, kisha inaonyesha wapi maneno yanafuatana kwa namna inayofanana. Nukuu uliyoiwekea alama zake vizuri inaweza kuhesabiwa humo. Orodha ya marejeo nayo inaweza kuhesabiwa. Hata swali la mwalimu, ukilinakili juu ya karatasi, linaweza kuongeza asilimia. Nimewahi kupitisha kazi yenye mfanano mkubwa kwa sababu mwandishi alikuwa anachambua vifungu vya sheria na ilimlazimu avinukuu kimoja kimoja. Nimewahi pia kurudisha kazi yenye mfanano mdogo sana, kwa sababu aya yake moja, ile iliyobeba hoja yote, haikuwa ya mwanafunzi. Ile namba inamwambia mwalimu atazame wapi. Uamuzi anautoa yeye baada ya kusoma.

Kilichokuponza, nadhani, ni yale maneno uliyoyatumia kujitetea: "maneno nilibadilisha." Ngoja nikuonyeshe. Tuseme kitabuni kuna sentensi hizi, ambazo nimezitunga kwa ajili ya mfano tu:

"Mizizi ya miti hushikilia udongo wa miteremko. Miti inapokatwa, mizizi huoza baada ya miaka michache, na mvua kubwa inayofuata hukuta udongo ulio wazi na usio na mshiko."

Mwanafunzi anaandika hivi, bila kutaja popote alikoyatoa:

"Mizizi ya mimea huzuia ardhi ya milima. Miti ikifyekwa, mizizi huharibika baada ya miaka kadhaa, na mvua kubwa itakayofuata hukuta ardhi iliyo wazi na isiyo na mshiko."

Tazama kilichotokea. Mawazo yamepangwa vilevile, kila sentensi inaanza na kuishia palepale, ni kama mtu aliyepita na kamusi akichomoa neno hapa na kupachika jingine pale. Tena maana nayo imeumia. "Udongo" umekuwa "ardhi", ilhali mizizi inashikilia udongo. "Miti" imekuwa "mimea", kana kwamba nyasi na mti mkubwa vina mizizi ya aina moja. Mtu aliyeielewa sentensi ya kwanza asingeandika ya pili. Na hapo ndipo sisi wasahihishaji tunaposhtuka, mara nyingi kabla hata ya kufungua ripoti ya programu: tunasoma kazi ambayo mwenyewe hajui anachokisema.

Sasa mwingine anaandika hivi:

"Mwandishi anaeleza (2015, uk. 42) kwamba hatari ya maporomoko haiishii siku miti inapokatwa, bali huongezeka miaka michache baadaye mizizi inapokuwa imeoza. Kama ndivyo, basi wanaopanda miche mara tu baada ya kukata wana sababu ya kuharakisha: miche ina miaka hiyo michache tu ya kuotesha mizizi kabla ile ya zamani haijaisha nguvu."

Sentensi ya kwanza ina mwenyewe, na ametajwa hadi ukurasa. Kuanzia "kama ndivyo" anaingia mwanafunzi, na hapo ndipo naisikia sauti yake. Wazo la miche hakulikuta kitabuni, amelifikia kwa kuwaza juu ya alichokisoma. Sentensi ile moja ndiyo naipa alama. Zote zilizoitangulia zilikuwa za kumpeleka pale.

Kuhusu orodha yako ya mwisho: orodha inaniambia vitabu gani vilikuwa mezani kwako. Haimwambii mtu yeyote sentensi ipi ni ya nani. Mimi nikisoma aya isiyo na jina la mtu ndani yake, nina haki ya kuamini kwamba ni wewe unayesema. Ukiniacha niamini hivyo na si kweli, umenidanganya, hata kama hukukusudia. Ndiyo sababu rejea inakaa ndani ya aya, jirani na jambo lenyewe, na maneno yakichukuliwa kama yalivyo yanawekewa alama za kunukuu.

Sasa kamati. Nenda na rasimu zako zote, daftari uliloandikia, na mafaili ya kompyuta yanayoonyesha tarehe. Nenda na vitabu vyenyewe ukiweza. Wakikuuliza kuhusu aya fulani, iseme ilivyotokea, usiipambe. Neno litakalokuumiza zaidi mle ndani ni "kila mtu darasani anafanya hivyo", kwa sababu kamati ikilisikia inaelewa kwamba ulijua. Vyuo vingi hutofautisha aliyekosea kunukuu kwa kutojua na aliyebeba kazi nzima ya mtu, na hutofautisha kosa la kwanza na la pili. Adhabu zinaanzia kurudia kazi, kufutiwa alama za somo zima, kurudia mwaka, kusimamishwa, hadi kufukuzwa kabisa. Kwa unavyonieleza, kosa lako linaonekana kuwa la mtu ambaye hakufundishwa kunukuu, au alifundishwa haraka haraka. Hilo liseme. Na kuanzia sasa soma ukurasa, ufunge kitabu, andika ulichoelewa, kisha ukifungue uhakikishe hukupotosha. Ukishindwa kuandika kitabu kikiwa kimefungwa, bado hujaelewa, rudi usome.

Mwalimu, shikamoo. Naomba unieleweshe bila kunikasirikia. Ukimwibia mtu simu, anabaki hana simu. Nikichukua aya ya mwandishi, aya yake bado anayo. Tena niliyechukua kwake ameshafariki zamani na kitabu chake kiko bure mtandaoni. Anayeumia ni nani?

Marahaba. Siwezi kukukasirikia, umeuliza vizuri kuliko wengi wanaokemea tu.

Unachanganya mambo mawili ambayo hata watu wazima huyachanganya. Hakimiliki ni ya sheria na ina mwisho. Mkataba wa Berne wa 1886, pamoja na marekebisho yake, unataka kazi ya maandishi ilindwe kwa uchache miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimefikisha 70. Baada ya hapo mtu yeyote anaweza kuchapa kitabu kile na kukiuza. Lakini wajibu wa kusema wazo umelipata wapi hauishi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hana hakimiliki popote duniani, na bado ukiandika hoja yake kana kwamba umeiota wewe, msimamizi wako atakurudishia kazi.

Sasa anayeumia. Wa kwanza ni msomaji. Mtu anaposoma kazi ya kitaaluma anauliza kimoyomoyo: huyu amejuaje? Jina na ukurasa ndiyo jibu. Kwa jibu hilo anaweza kufuata nyayo hadi alikosimama yule aliyepima, aliyehesabu au aliyeshuhudia, akaangalia kama ni kweli. Ukilifuta jina, umeifuta njia. Na wewe mwenyewe umejigeuza shahidi wa jambo ambalo hukuliona.

Kuna kisa nakipenda sana cha kuonyesha hili. Kwa miaka mingi ilisimuliwa, hata katika majarida ya kitaaluma, kwamba spinachi ilisifiwa kuwa na madini mengi ya chuma kwa sababu mtafiti mmoja wa zamani alikosea kuweka nukta ya desimali. Kisa kilipata nguvu baada ya kuandikwa mwaka 1981 katika jarida la British Medical Journal, na hapo hakikuwekewa rejea ya kosa lenyewe. Wengine wakakichukua, wakakipitisha, kila mmoja akijiamini kama aliyeiona ile nukta kwa macho yake. Baadaye wakatokea waliokwenda kuitafuta katika maandishi ya wakati ule. Hawakuipata. Wasomi walikuwa wakionyana kuhusu uzembe wa kunakili kwa kutumia kisa ambacho wao wenyewe walikinakili bila kukikagua. Hapo ni spinachi, hakuna aliyekufa. Fikiria kama ingekuwa kipimo cha dawa au uzito unaobebwa na nguzo ya jengo.

Wa pili anayeumia ni mwenzako aliyeketi kando yako, aliyeandika kazi dhaifu lakini ni yake, akapata alama za chini kuliko zako.

Wa tatu ni wewe. Cheti chako ni kauli yangu mimi na wenzangu kwa watu wasiokujua: huyu anaweza kusoma mambo magumu, akayapima, akaandika kwa akili yake. Tunaweka saini. Atakayekuajiri anaiamini saini ile. Ukipita kwa kazi ya mwingine, umetufanya sote tuseme uongo, na siku ya kwanza kazini utakapopewa jambo lisilo na jibu mtandaoni, uongo huo unajulikana.

Na usidhani ukishavaa joho yameisha. Mwaka 2011 Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, mmoja wa wanasiasa waliopendwa sana nchini mwake. Profesa mmoja wa sheria alikuwa anaandika mapitio ya tasnifu yake ya udaktari, akakuta sehemu zisizokuwa zake. Watu wa kujitolea wakaiweka mtandaoni na kuichambua ukurasa kwa ukurasa. Hata sentensi za kufungulia utangulizi zilikuwa zimetoka katika makala ya gazeti. Yaani hata salamu kwa msomaji hakuitunga. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua shahada mwezi Februari, na tarehe 1 Machi akajiuzulu.

Waziri wa elimu na utafiti wakati huo alikuwa Annette Schavan, na alisema hadharani kwamba aliona aibu kwa jambo lile. Miaka miwili baadaye, Februari 2013, Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimfutia udaktari wake yeye, kwa tasnifu aliyoiwasilisha mwaka 1980. Alipinga uamuzi ule, lakini alijiuzulu siku chache baadaye. Tasnifu yenyewe ilihusu dhamiri. Na kwa kuwa alisoma moja kwa moja hadi udaktari bila kupitia shahada nyingine, kama ilivyoruhusiwa enzi zile, kufutiwa huko kulimwacha bila shahada ya kusomea hata moja. Hesabu mwenyewe kutoka 1980 hadi 2013, alipokuwa ameshajenga maisha yote juu ya karatasi ile. Hungaria nako, mwaka 2012, rais wa nchi, Pál Schmitt, alivuliwa udaktari wa tasnifu iliyohusu Michezo ya Olimpiki, na siku chache baadaye akaachia urais.

Hata ukubwa wa mtu haufuti jambo hili. Kamati ya Chuo Kikuu cha Boston ilithibitisha mwaka 1991 kwamba Martin Luther King alitumia maandishi ya wengine bila kuwataja ipasavyo katika tasnifu yake ya 1955. Hawakumvua shahada, maana alikuwa ameshafariki na waliona halingesaidia kitu. Lakini iliwekwa barua ya kueleza matokeo yale pamoja na nakala iliyoko maktabani. Ninamheshimu mno mtu yule kwa aliyoyafanya baadaye. Ndiyo maana barua ile inaniuma.

Shikamoo Mwalimu. Rafiki yangu aliniomba nimtumie asaimenti yangu "aone mfano tu". Kumbe aliidesa yote akabadilisha jina. Sasa tumeitwa wote wawili, na mimi nimewekewa sifuri kama yeye. Hii ni haki?

Marahaba. Inauma, lakini mwalimu akipokea kazi mbili zinazofanana hawezi kujua kwa kutazama tu nani alimwandikia nani. Kanuni za vyuo vingi humhesabu anayetoa kazi yake kabla haijasahihishwa kuwa ameshiriki. Kwa hiyo kazi yako sasa ni kuonyesha ilivyokuwa: ujumbe aliokuomba, ujumbe uliomjibu, tarehe za faili, rasimu za mwanzo zenye makosa uliyoyafuta baadaye. Rasimu zenye makosa ni ushahidi mzuri sana, kwa sababu anayedesa hana rasimu.

Na rafiki huyo, mwambie ana kwa ana aende kwa mwalimu aseme mwenyewe. Asipokwenda, utakuwa umejua urafiki wenu una uzito gani. Siku nyingine mtu akiomba "mfano", kaa naye mzungumze juu ya swali, mwonyeshe vitabu ulivyosoma, msikilize akieleza anachotaka kuandika. Faili libaki kwako.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mzazi. Binti yangu anamaliza shahada na ameniomba fedha za kumlipa mtu amwandikie tasnifu. Anasema wenzake wote wamefanya hivyo, na kwamba hii si kunakili, kwa kuwa kazi itakuwa mpya kabisa na hakuna programu itakayoikamata. Nimpe?

Njema, mzazi mwenzangu. Usimpe.

Ni kweli programu ya mfanano inaweza isione kitu, kwa sababu maneno ni mapya. Lakini tasnifu hutetewa. Mwanafunzi anaketi mbele ya watu walioisoma, anaulizwa: kwa nini ulichagua njia hii ya utafiti na si ile? Takwimu hizi za sura ya nne ulizipataje? Nimekuwa upande wa pili wa meza ile. Aliyeandika mwenyewe hata akitetemeka, ukimgusa kwenye jambo lililomsumbua anaanza kusimulia, na mara nyingine humalizi kumsikiliza. Aliyenunua anarudia maneno ya muhtasari, akiulizwa tena anarudia yaleyale. Chumba kinakuwa kigumu kukaa, kwa kila mtu.

Kingine ambacho watoto wetu hawakifikirii: huyo mwandishi wa kulipwa ana jina la binti yako, namba yake na ushahidi wa malipo. Wapo wanafunzi waliorudiwa baadaye wakadaiwa fedha zaidi, la sivyo waripotiwe chuoni. Binti atakuwa ameajiriwa, na mtu huyo bado anayo namba yake.

Biashara hii imeshaonekana mbaya kiasi cha kuundiwa sheria. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020, na kwa Uingereza, upande wa England, ilifuata mwaka 2022. Zote zinawabana wanaouza na kuitangaza huduma hiyo. Mwanafunzi anabaki mikononi mwa chuo chake, na chuoni kununua kazi huwekwa miongoni mwa makosa makubwa kabisa, kwa sababu hapa hakuna nafasi ya kusema "sikujua kunukuu".

Lakini mzazi mwenzangu, usiishie kumnyima. Muulize amekwama wapi. Mwanafunzi anayefikia hatua ya kununua mara nyingi amekwama miezi kadhaa na anaona haya kusema: msimamizi hamjibu, data hazijakamilika, au sura ya pili imemshinda na amekuwa akimkwepa msimamizi. Kila moja ya hayo ina dawa. Anaweza kuomba kuongezewa muda. Anaweza kuomba kubadilishiwa msimamizi kwa utaratibu wa idara. Anaweza kupunguza ukubwa wa utafiti. Fedha hizo, kama zipo, zimlipie mtu wa kumsahihishia lugha baada ya yeye kuandika, kama chuo chake kinaruhusu na akilitaja hilo kwenye shukrani. Mwambie pia kwamba tasnifu ya kawaida, yenye mapungufu yake, inapita. Nimezipitisha nyingi, na walioziandika nimewaona wakitoka wamesimama wima.

Mwalimu, mimi sinakili kwa mtu. Naiuliza akili mnemba, inaniandikia, naweka. Mashine si mtu, sasa nimemwibia nani?

Rudi kwenye jibu la swali la kwanza. Nikisoma kazi yako naamini ni wewe unayesema. Kama hukusema wewe, haijalishi aliyesema ana damu au hana.

Na hapa kuna hatari ya ziada. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mimi na wenzangu tumeanza kukutana na rejea za vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Jina la mwandishi linasikika la kweli, mwaka upo, ukurasa upo, ila ukienda maktaba hakuna kitu. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejea kwao ni maneno tu kama mengine. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na programu hiyo. Hao walikuwa mawakili wazoefu. Mwanafunzi akiweka kitabu kisichokuwepo, kamati haitaiita bahati mbaya, itaiita kughushi.

Uliza mwalimu wako anaruhusu nini, kwa sababu kila somo lina kanuni yake. Wengine wanaruhusu kuitumia kusahihisha tahajia au kujiuliza maswali, mradi useme. Wengine hawaruhusu kabisa. Ukiruhusiwa, eleza wazi ulichoitumia kufanya. Kila rejea iliyokupa, itafute uishike mkononi kabla hujaiandika.

Insha niliyoiandika mwaka jana ni yangu mwenyewe. Naweza kuiwasilisha tena kwenye somo jingine?

Bila kumwambia mwalimu, hapana. Ulishaipatia alama, na somo jipya linataka kazi mpya. Ukitaka kuendeleza wazo lile, mwambie mwalimu, mpe nakala ya zamani, na ujitaje kama unavyomtaja mwandishi mwingine. Walimu wengi hulifurahia hilo.

Mwalimu, je, kila sentensi iwe na rejea? Hata nikisema maji huchemka kwa nyuzi 100?

La. Mambo yanayojulikana na kila aliyesoma somo hilo hayahitaji. Lakini ukisema kwamba maji huchemka kwa nyuzi ngapi juu ya mlima fulani, kuna aliyepima, mtaje.

Shikamoo Mwalimu. Katika tasnifu yangu ninatumia mambo aliyonisimulia bibi yangu kuhusu dawa za mitishamba. Hayako kitabuni popote. Nayaandika kama yangu?

Marahaba mjukuu wa bibi. Si yako, ni ya bibi, na anastahili kutajwa kama anavyotajwa profesa. Andika jina lake, kwamba ni mahojiano, mahali mlipozungumzia na tarehe. Mitindo mingi ya kunukuu ina utaratibu wa masimulizi ya mdomo, muulize msimamizi idara yenu inafuata upi, na kama chuo chenu kinataka kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kuhoji watu. Kama hukurekodi, rudi kwake na daftari, msomee ulichoandika, akusahihishe. Kabla ya yote mwombe ruhusa, umweleze kwamba watu watasoma. Elimu ya dawa ina wenyewe, na huenda kuna sehemu asiyopenda itoke nje ya familia. Hiyo iache. Akikubali yaandikwe lakini hataki jina lake lionekane, mpe jina la kificho, useme kwenye sura ya mbinu kwamba umefanya hivyo kwa ombi lake.